Rundo lililoota majani: kisa cha mgonga kokoto wa Dodoma

Machi 2023 nilikwenda kumwamkia mamdogo wangu, nikamkuta ameinama kwenye rundo lake la kokoto, anang'oa majani. Kokoto zile alimaliza kuzigonga Novemba. Mvua ilizinyeshea, vumbi likajaa katikati ya mawe, mbegu zikadondoka, na sasa magugu yalikuwa yamefika magotini. Kwa miaka kumi na miwili aliyoifanya kazi hiyo, kokoto zake hazikuwahi kukaa zaidi ya wiki tatu bila mteja.

"Shikamoo mamdogo."

"Marahaba mwanangu. Unaona? Zimeniotea majani."

Naandika kisa chake kwa sababu mazungumzo ya mashine kuchukua kazi, na yale ya kila mtu kupewa kipato cha msingi bila masharti, yanafika kwetu kama habari za mbali: roboti za viwandani, akili mnemba inayoandika barua, matajiri wa Marekani wanaojadili dunia isiyo na ajira. Mamdogo hajawahi kuona roboti. Kazi yake ilichukuliwa na mtambo wa chuma wenye taya mbili, na yaliyomkuta baada ya hapo yamenifundisha kuhusu kipato cha msingi kuliko makala nyingi nilizosoma.

Alikuja mjini 2011 kutoka kijiji kimoja cha Chamwino, baada ya mume kufariki na mtama kukauka shambani misimu miwili mfululizo. Alikuwa na watoto watatu na hakuwa na mtaji. Mwanamke wa kijijini kwao alikuwa anagonga kokoto chini ya kilima pembeni mwa mji, akamwonyesha. Nyundo tu ndiyo iliyohitajika. Jiwe lilikuwa la mlima, na mlima haukuwa na geti.

Ngoja nieleze kazi yenyewe, maana wengi tumepita barabarani tukaona wanawake wale chini ya vivuli vya viroba tukadhani ni kazi ya nguvu tu. Vijana hupanda juu, huwasha moto wa kuni na matairi chakavu juu ya mwamba mpaka upasuke, kisha huung'oa kwa mtarimbo na nyundo kubwa. Mabonge hushushwa chini na kuuziwa wanawake. Mamdogo hukalia ndoo iliyopinduliwa, miguu ameitanua, mbele yake jiwe pana la kugongea. Mkono wa kushoto unashika kitanzi cha mpira wa tairi kilicholizunguka bonge ili vipande visiruke. Wa kulia una nyundo. Kitanzi kinapunguza tu, hakizuii: mwaka 2014 kipande kiliruka kikampata jicho la kushoto, na tangu siku hiyo jicho hilo linaona ukungu.

Ukikaa naye dakika kumi unagundua hapigi ovyo. Pigo la kwanza ni jepesi, la kusikiliza. Jiwe bichi linalia "kin!" na kurudisha nyundo mkononi. Jiwe lililooza linalia "pu", na hilo hulitupa kando bila hata kulitazama, kwa sababu fundi akilitia kwenye zege nguzo haitadumu. Kisha huligeuza bonge kutafuta mshipa wake, na pigo la pili ndilo linalopasua. Alinifundisha kusikia tofauti hiyo nikiwa nimekaa pembeni yake siku nzima. Mpaka jioni nilikuwa bado nakosea jiwe moja kati ya manne.

Ndoo ya lita 20 aliiuza shilingi 800, msimu mzuri 1,000. Mwili ukikubali aligonga ndoo nane kwa siku. Akishawalipa vijana wa mabonge, ilibaki kama 5,000. Ana daftari la mistari, lenye jalada lililoliwa na mchwa pembeni, ambalo humo ameandika kila ndoo iliyotoka tangu alipojifunza kuweka hesabu kwenye kikoba. Katika miaka mizuri, mwezi ulimwachia kati ya 100,000 na 130,000.

Miaka mizuri ilianza 2016. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulikuwa wa 1973, lakini ni Julai 2016 Rais Magufuli alipotangaza kwamba Serikali inahamia kweli, na safari hii ikahama. Dodoma ikatangazwa jiji Aprili 2018. Mtumba pakawa na wizara, Nzuguni na Iyumbu pakaota nyumba, na kila nyumba ilihitaji zege la msingi, zege la nguzo, zege la lenta. Sensa ya 2022 ililikuta Jiji la Dodoma na watu 765,179. Pale kilimani, wanawake niliowakuta mwaka 2012 hawakufika ishirini. Kufikia 2019 nilihesabu vivuli zaidi ya sitini. Mamdogo aliezeka vyumba vyake viwili kwa bati mwaka 2018 na akamnunulia binti yake wa mwisho cherehani. Bati hilo na cherehani hiyo vikumbukwe, maana vitarudi.

Tuje kwenye mashine. Krasha ya taya si ya jana. Mmarekani Eli Whitney Blake aliipatia hataza mwaka 1858. Bamba moja la chuma limesimama, la pili linasogea na kurudi kama taya linalotafuna, jiwe linaingia juu likiwa bonge na kutoka chini likiwa kokoto, kisha machekeche yanatenganisha saizi. Kwa miaka zaidi ya 150 mtambo huo ulikuwepo duniani huku mwanamke wa Dodoma akigonga kwa mkono, na hapakuwa na fumbo lolote: mkono wake ulikuwa rahisi kuliko dizeli na vipuri. Nadhani hapa ndipo wengi tunapokosea tunapojiuliza mashine itachukua kazi gani na lini. Tunaangalia kama mashine imeshabuniwa. Tungeangalia hesabu, kwa sababu mashine huingia siku hesabu inapogeuka, na hesabu inaweza kukaa imelala karne moja na nusu kisha ikageuka ndani ya miaka mitatu.

Pale kwetu iligeuzwa na neema ileile iliyompa mamdogo bati. Barabara ya mzunguko ya kilomita 112.3, uwanja wa ndege wa Msalato, reli ya kisasa: miradi ya namna hiyo haijengwi kwa ndoo. Mhandisi anataka maelfu ya tani za saizi moja, kutoka mwamba mmoja, zikiwa na cheti cha maabara kinachoonyesha jiwe linahimili mgandamizo kiasi gani. Sikio la mamdogo linajua jiwe lililooza, ila sikio halitoi cheti. Silaumu wahandisi. Daraja likianguka hakuna atakayekubali utetezi wa kwamba mama mmoja alisikia "kin".

Krasha zikaja kwa ajili ya miradi mikubwa, na mwanzoni kilimani hawakuzihofia. Mamdogo aliniambia 2021, "Wao wana wateja wao, sisi tuna wetu." Lakini mtambo ukishasimama haupendi kulala. Mradi ukipunguza kununua, mwenye krasha anatafuta wa kumuuzia, na anayempata ni yuleyule mwalimu au askari anayejenga vyumba vitatu. Anapigiwa simu, tipa inamwaga kokoto mbele ya kiwanja, jioni fundi anamimina zege. Kokoto za mkono inabidi uzifuate, ubishane bei, ukodi Kenta, upange watu wa kupakia. Mwaka 2022 daftari la mamdogo linaonyesha ndoo zikipungua mwezi hadi mwezi, na Novemba kurasa zinakuwa nyeupe.

Nilikwenda kwenye krasha iliyo karibu zaidi. Meneja alinipokea kwa heshima na kunizungusha. Nilihesabu watu kumi na wanne: waendesha mitambo, madereva, fundi mmoja, walinzi, karani, na wanawake wawili wanaopika. Ajira zile ni nzuri, zenye mikataba. Hakuna hata moja iliyokwenda kwa mwanamke wa kilimani, na nikiri kwamba sioni ingekwendaje. Ule usemi kwamba mashine inaua kazi hizi na kuzaa zile inawezekana ni wa kweli ukijumlisha nchi nzima. Ila waliopoteza na waliopata si watu wale wale, na hata umri wao haufanani.

Jambo moja nisilifiche. Kazi ile ilikuwa mbaya. Vumbi la mawe huingia kifuani na halitoki, watoto wadogo walikuwa wanakaa na mama zao kwenye moshi wa matairi, na macho yaliyoumia kilimani si la mamdogo peke yake. Nilipomuuliza kama angependa krasha zifungwe, alinitazama kwa mshangao. "Silii nyundo, mwanangu. Nyundo imeniharibu jicho. Nalilia hela iliyokuwa inatoka kwenye nyundo." Sijaona andiko lililosema jambo hili vizuri kuliko alivyolisema yeye. Mashine ilimpunguzia mateso na mapato kwa siku moja, na hayo mawili kwake hayakuwahi kutenganishwa.

Sasa tuangalie milango aliyoibisha.

Angekuwa mwajiriwa, angekuwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Mwajiri anayepunguza watu kwa sababu ya mashine mpya hutakiwa kutoa taarifa na kushauriana nao, na kulipa kiinua mgongo cha siku saba za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10. Nilimfanyia hesabu: siku sabini kwa 5,000 ni 350,000. Angekuwa mchangiaji wa mfuko wa hifadhi ya jamii, lipo fao la kukosa ajira lililoingia kwenye sheria mwaka 2018. Lakini nani alikuwa mwajiri wake? Mlima? Hakufukuzwa na mtu. Wateja waliacha tu kuja, na sheria haina jina la jambo hilo.

Mlango wa pili ulikuwa mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayogawanywa nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Yeye na wenzake walianza kuunda kikundi cha kufuga kuku mwanzoni mwa 2023. Aprili mwaka huo Serikali ilisitisha mikopo hiyo nchi nzima ili kurekebisha utaratibu wake, na ilirudi 2024. Kusitisha kulikuwa na sababu zake. Kwake ilikuwa miezi zaidi ya kumi na miwili.

Mlango wa tatu nataka niukalie, maana ndio wenye somo.

Tanzania si mgeni wa kuwapa watu fedha mkononi. TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, ilianza majaribio ya uhawilishaji fedha, yaani kuzipa kaya maskini fedha moja kwa moja, mwaka 2010 katika wilaya tatu: Bagamoyo, Kibaha na Chamwino. Ndiyo, Chamwino hiyohiyo ambayo mamdogo aliondoka mwaka uliofuata. Vijiji 80 viliingizwa kwenye utafiti, nusu vikapokea na nusu vikasubiri, na matokeo yake yangepaswa kujulikana na kila anayesema maskini akipewa hela ananywea pombe. Kaya zilizopokea zilikata zaidi bima ya afya, zilinunulia watoto viatu, na ziliongeza mifugo, hasa kuku na mbuzi. Kutokana na majaribio hayo ukazaliwa Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, ambao umefikia kaya zaidi ya milioni moja, malipo kila baada ya miezi miwili.

Walengwa huchaguliwa hivi: wananchi huwataja kwenye mkutano wa hadhara, kisha dodoso hupita nyumba kwa nyumba kuangalia hali. Utambuzi ulipofanyika mtaani kwa mamdogo, yeye alikuwa na bati, cherehani, na kazi inayoingiza hela kila wiki. Hakutajwa, na hakutegemea kutajwa. Mkutano ulikuwa sahihi kabisa, kulikuwa na wazee na wajane wenye hali mbaya kuliko yake. Alipokwenda ofisi ya mtaa mwaka 2023, alielezwa kwa upole kwamba orodha hufunguliwa wakati wa utambuzi mwingine. Akarudi nyumbani. Hapo hakuna mtu aliyefanya kosa. Orodha ni picha, na picha yake ilipigwa siku aliyokuwa amesimama. Alipoanguka hakukuwa na mpiga picha.

Watu wengi wanaotetea kipato cha msingi kwa wote husema kitaondoa umaskini. Wanaopinga husema hela zenyewe ni ndogo, haziondoi umaskini wowote. Kisa hiki kimenipeleka mahali pengine. Ubora wa fedha ya wote haupo kwenye wingi wake. Upo kwenye kwamba imeshafika kabla hujaanguka, na hakuna anayekuomba uthibitishe kwamba umeanguka.

Tazama daftari. Kufikia Juni 2023 mamdogo alikuwa na deni la duka 92,000, unga, mafuta na sabuni za tangu Novemba. Vijana wa mabonge walikuwa wanamdai 48,000, maana rundo lile lenye majani alikuwa amelichukulia mawe kwa mkopo. Jumla 140,000. Kibarua cha kwenye mashamba ya zabibu kilimpa wiki chache za msimu, kisha basi. Alijaribu kuuza mlenda na nyanya, lakini wanawake sitini wa kilimani walikuwa wamefikiria nyanya siku ileile, na mtaa una midomo ileile. Mwenye duka alipofunga mkono, mamdogo akachukua mkopo wa kausha damu, ule wa mitaani wenye riba kali. Wanaoujua hawahitaji maelezo. Alichukua 200,000: kulipa yale 140,000 na kuongeza 60,000 kwenye mtaji wa genge. Marejesho yalikuwa 65,000 kila wiki kwa wiki nne. Dhamana: cherehani.

Wiki ya kwanza alilipa. Ya pili alilipa nusu. Agosti walikuja watu wawili na bajaji. Binti alikuwa ameshapokea kitambaa cha gauni la mteja. Wakamsubiri akitoe chini ya sindano, wakapakia.

Hesabu yangu ni hii. Kama kuanzia Novemba 2022 hadi Juni 2023 kaya ile ingepata 20,000 tu kila mwezi, miezi minane ingekuwa 160,000. Haifiki hata robo ya kile kilichopotea kwa kufungwa kwa soko la kokoto. Hakuna aliyeacha kazi kwa ajili ya 20,000 na hakuna wa kuiita ajira. Lakini ni zaidi ya lile deni la 140,000. Sisemi shilingi yote ingekwenda dukani. Maisha hayaendi kwa mstari, mtoto angeugua, msiba ungetokea. Nasema cherehani ilikuwa na nafasi kubwa ya kubaki, na cherehani ndiyo ilikuwa kazi inayofuata ya nyumba ile. Binti yuko Dar es Salaam sasa, anafanya kazi za ndani. Mashine ya kokoto ilichukua kazi ya mama, na miezi minane ya kukosa pa kuegemea ikachukua kazi ya mtoto. Hili la pili halikuwa la lazima, na ndilo linaloniuma mpaka leo.

Ubishi wa kwanza ninaoupata nikisimulia haya ni uvivu. Jirani zetu Kenya wamelipima. Shirika la GiveDirectly lilianza mwaka 2018 utafiti mkubwa kwenye vijiji 295 vya kaunti za Siaya na Bomet: vijiji vingine vilipata kama senti 75 za dola kwa kila mtu mzima kwa siku kwa miaka miwili, vingine 44 viliahidiwa miaka kumi na miwili, vingine vilipewa fedha kwa mkupuo, vingine havikupewa. Matokeo ya awali yalitolewa 2023. Watu hawakupunguza kufanya kazi. Walihama kutoka vibarua kwenda biashara zao wenyewe. Na walioahidiwa miaka kumi na miwili walifanya jambo ambalo mama yeyote wa kikoba angelitabiri: walijiunga kwenye upatu, ili hela ndogo ya kila mwezi igeuke kuwa hela kubwa ya zamu. Waliojua kwamba fedha inaisha baada ya miaka miwili hawakuanzisha biashara kwa kiasi kile. Kule Marekani, utafiti uliotolewa 2024 wa watu 1,000 waliopewa dola 1,000 kila mwezi kwa miaka mitatu ulionyesha kazi ikipungua kidogo, kama saa 1.3 kwa wiki. Sioni la kutisha katika hilo pia.

Wa pili ni kupanda kwa bei. Siaya hiyohiyo, kwenye utafiti mwingine ambapo kaya zilipewa fedha nyingi kwa mkupuo, bei zilipanda kwa takriban asilimia 0.1, na kila dola iliyoingia ilizunguka mpaka kuzaa kama dola 2.5 za shughuli za kiuchumi eneo lile. Genge la mamdogo lilikufa kwa sababu majirani zake hawakuwa na hela. Mtaa wenye 20,000 kila nyumba ungenunua nyanya.

Ubishi wa tatu ni fedha zitoke wapi, na huu ni wa haki. Sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120. Kila mmoja 20,000 kwa mwezi ni takriban trilioni 14.8 kwa mwaka. Bajeti ya Serikali ya 2024/25 ilikuwa trilioni 49.35. Karibu asilimia 30 ya bajeti yote, kabla hujalipa mwalimu wala kununua dawa. Anayesimama jukwaani kuahidi hilo kesho asubuhi anatudanganya, na mimi sitaki jambo ninalolipenda litetewe kwa uongo.

Lakini kati ya hilo na sifuri kuna nafasi pana. Zanzibar mwaka 2016 ilianza kumlipa kila mzee aliyefikisha miaka 70 shilingi 20,000 kwa mwezi kutoka fedha za Serikali yenyewe. Haulizwi ana bati au makuti, wala aliwahi kuajiriwa au la. Swali kubwa ni umri, na umri hauna mkutano wa hadhara. Kila watu milioni moja kwa kiwango hicho ni shilingi bilioni 240 kwa mwaka. Hiyo ni namba ya kukaa nayo mezani na kuijadili. Bara tungeweza kuanza hapo, kisha umri ukashushwa taratibu kadiri makusanyo yanavyoruhusu. Mamdogo ana miaka 55, kwa hiyo asingepata, na nimemwambia hivyo. Ila mama yake, bibi yangu, ana zaidi ya 80 na anaishi kwa kile mamdogo anachomtumia. Siku rundo lilipoota majani, bibi naye alipunguza mlo kule kijijini.

Na kuna jambo la mlima wenyewe. Kisheria kokoto huhesabiwa madini ujenzi, na madini ni mali ya wananchi, Rais akiwa mdhamini. Enzi za nyundo, sehemu ya mamdogo katika mali hiyo ilikuwa inapita mikononi mwake: jiwe la mlima, jasho lake, hela. Krasha imeyatoa mawe kwa ufanisi zaidi na mikono yake imetolewa katikati, na sehemu yake imepotea humo humo. Jimbo la Alaska, tangu 1982, hugawa kwa kila mkazi, hadi mtoto mchanga, gawio la kila mwaka kutoka mfuko uliojengwa kwa mapato ya mafuta. Hawaiti msaada. Wanaita gawio. Mrabaha wa kokoto, yaani malipo ya mchimbaji kwa Serikali, hauwezi kulingana na mafuta ya Alaska, na kwa mtu mmoja mmoja ingekuwa hela kidogo sana. Hata hivyo nadhani mwanzo wa mazungumzo uwe hapo, kwa sababu mwanamke wa kilimani akiambiwa apokee gawio la mlima wake ataelewa haraka kuliko akiambiwa apokee ruzuku, na atasimama wima zaidi akilidai.

Lile rundo liliuzwa hatimaye Oktoba 2023. Jirani alikuwa anamwaga jamvi la choo, akalichukua kwa nusu bei, akamsaidia kuchagua mizizi. Sasa mamdogo anapika ugali na mlenda karibu na geti la krasha. Wateja wake ni madereva wa tipa. Siku mradi ukinunua anauza sahani thelathini, siku mtambo ukiharibika anarudi na sufuria.

Juzi nilimuuliza angefanyia nini 20,000 ya kila mwezi. Hakujibu. Aliniuliza kwanza, "Mpaka lini?"

Nikamwambia tuseme mwaka mmoja. Akasema angenunua unga na kumtumia mama yake.

Nikamwambia tuseme miaka kumi na miwili. Akafuta mikono kwenye kanga, akachukua daftari, akafungua ukurasa mpya, akaanza kuandika majina ya wanawake wa kilimani, wa kwanza, wa pili, wa tatu, kwa mpangilio wa nani angepokea zamu yake lini. Jina lake aliliweka la saba. Mbele yake akaandika: cherehani.